Kabla Mvua Haijanyesha



Mwaka huu niko kwenye mwaka wa uchungaji, katika parokia moja ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kuna dogo mmoja wa miaka 13 alikuwa anatumikia altareni. Akaanza kukosa shule. Usiku anaenda kuvuta nyavu za usipa, asubuhi hela yote inaishia kwenye dubwi. Niliona. Kila mtu aliona. Siku moja nilimkuta nyuma ya sakristia amekaa peke yake, uso ameuinamisha. Nikamsalimia, nikapita, maana nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Wiki mbili baadaye akakamatwa na simu ya wizi. Wazee waliyamaliza kijijini, mama yake akalipa.

Nilipomwambia baba mmoja wa jumuiya kwamba najilaumu, akanijibu: "Frateri, ungemfanya nini? Si alikuwa hajakosa bado?"

Jibu hilo limenisumbua kuliko wizi wenyewe, kwa sababu lina hoja. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na adhabu ni ya aliyekosa. Ukimwita mtoto mwizi kabla hajaiba, unamhukumu kwa jambo ambalo bado ana uhuru wa kulikataa. Tena mara nyingi mtoto hukua akilifuata jina alilopewa. Je, basi tukae kimya, tungoje akosee?

Fungua Mwanzo sura ya 4. Wengi tunalikumbuka swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini baada ya Abeli kufa. Tunasahau lile la kwanza, katika aya ya 6, Abeli akiwa bado hai. Mungu anauona uso wa Kaini umekunjamana, anamwuliza kwa nini. Hamwiti muuaji. Anamwonyesha hatari iliyo mlangoni na kumwambia kwamba anapaswa kuishinda. Kisha anamwachia achague. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, lakini samaki hana hiari. Kaini alikuwa nayo, na akachagua vibaya. Hata hivyo Mungu hakungoja damu imwagike ndipo aanze kujali.

Hapo nikaona tulipokosea. Tulidhani kitu pekee tunachoweza kumpa kijana wa namna hii ni hukumu. Kumbe kuulizwa, kusikilizwa na kutafutwa anapopotea ni haki yake tayari. Haki hiyo haingoji kosa.

Panda kutoka ziwani hadi Mbinga, utazame mashamba ya Wamatengo kwenye ile miteremko mikali. Wanalaza nyasi kwa mistari inayokatana, wanazifunika kwa udongo, katikati yanabaki mashimo: ndiyo ngolo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia humo badala ya kuondoka na udongo. Hakuna anayechimba ngolo kwa kuwa shamba lina hatia. Anachimba kwa sababu anaujua mteremko. Na shimo moja haliwezi kuzuia maji ya mlima mzima.

Mteremko wa yule dogo tuliujua: njaa nyumbani, usiku ziwani, hela ya haraka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya, mbali na kwao. Lakini hapo mvua imeshanyesha. Kabla ya hapo kuna mwalimu anayeuliza kwa nini dawati liko wazi, mwenye mtumbwi anayekataa kumchukua mtoto usiku, jumuiya inayompelekea mama yake unga, afisa ustawi wa jamii anayepewa taarifa mapema. Na kuna frateri anayechelewa kwaya.

Jumamosi iliyopita nilimfuata ufukweni, nikakaa naye kando ya mtumbwi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Frateri, mbona siku ile ulipita?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi.

Kijana mwenzangu, wiki hii mtazame mmoja ambaye uso wake umekunjamana. Usimhubirie. Mwulize kwa nini, halafu ubaki hapo usikie.

Ee Bwana, utupe macho ya kuona mapema, na miguu isiyopita. Amina.