Habari Isiyo na Mwenyewe



Tunaleta ulizo moja. Mutu akipokea habari katika simu na kuituma kwa wengine bila kujua kama ni kweli, kosa ni la nani? Wengi wanajibu: «Sikuitunga mimi. Nimeituma tu vile ilivyonifikia.» Tulipime jibu hilo.

Tunakumbuka Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2.200. Chanjo ilikuwapo. Lakini sauti zilitembea katika simu kusema kwamba Ebola ni biashara, na chanjo ndiyo inaua. Watu wakaficha wagonjwa nyumbani. Tarehe 19 Aprili 2019 wenye silaha wakamuua munganga Richard Mouzoko, mutu wa Cameroun, katika hospitali kule Butembo. Hatusemi kwamba simu ilishika bunduki. Tunasema chuki ilikuwa imekwisha kupandwa.

Tuseme haki pia: watu hawakushuku bure. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo hata Machi 2019, na wengi waliona hiyo ni siasa. Kushuku si zambi. Ubaya ni kushuku upande mumoja: munganga tunamuuliza maulizo kumi, lakini sauti isiyo na jina hatuiulizi hata moja, kwa sababu inasema yale tuliyotaka kusikia.

Basi kila habari tuiulize. Mwenyewe ni nani? Aliona kwa macho yake, ao alisikia? Ni ya siku gani, na picha ni ya wapi? Kuna mwingine anayeishuhudia, asiyeitoa kwa mutu yuleyule? Watu mia wakituma sauti moja, shahidi bado ni mumoja.

Mwingine atasema: «Nikingoja, hatari itafika.» Ni kweli, hatari nyingine haingoji. Lakini tuangalie Goma. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wa karitie 10 kati ya 18 waondoke. Amri ile ilikuwa na mwenyewe na majina ya karitie. Mutu aliweza kubeba watoto na kwenda saa ileile. Kupima hakuombi siku nzima. Mara nyingi kunaomba kumupigia simu mutu mumoja aliye pale.

Sasa turudi kwa ulizo letu. Mama anayepokea habari yako hamujui aliyeitunga. Anakujua wewe. Anaamini kwa sababu imetoka kwako, na kesho atasema: «Shemasi ndiye alinitumia.» Kwa hiyo habari isiyo na mwenyewe, ukiituma, umeipa mwenyewe: ni jina lako. Mutungaji ana kosa lake, na wewe una la kwako. Amri inayokataza ushuhuda wa uwongo haimuachi anayeushuhudia kwa sababu uwongo aliutunga mwingine.

Basi, habari tusiyomupata mwenyewe, tuiache ilale katika simu yetu. Na ikionekana kwamba tuliyotuma ni uwongo, haitoshi kuifuta kimyakimya. Twende kwa walewale tuliowatumia, mumoja mumoja, tuwaambie ukweli. Mutu anayejua kwamba atarudi kwao hivyo, hatakuwa na haraka ya kutuma.

Amani iwe nanyi.