Mtoto wa Bellini na Dege la Kilombero

Jioni moja pale Ifakara nilimwonyesha mama mkubwa picha kwenye simu. Ni Bikira Maria wa Giovanni Bellini, mchoraji wa Venice, kazi ya miaka ya 1500 hadi 1505 hivi, ambayo sasa iko National Gallery, London. Mama ameketi chini, viganja vimekutana kama anayesali. Mtoto amelala mapajani, uchi, kalegea. Nyuma kuna ng'ombe na ndege mweupe anayepambana na nyoka. Ungedhani ni yangeyange wa majaruba yetu. Kwenye mti usio na majani ametua ndege mkubwa, mweusi.

"Huyu mtoto anaumwa," akasema. Kisha akagusa ule mti. "Na dege lenyewe lile pale."

Wazee walisema degedege huletwa na dege linalopita usiku juu ya mtoto. Mama mkubwa alizika mtoto wake wa kwanza kwa degedege, msimu wa mpunga, familia ikiwa imehamia dunguni.

Wasomi nao husema usingizi ule ni kivuli cha kifo: Maria anamtazama mwanawe na tayari anamwona kateremshwa msalabani. Basi wamefika palepale, ila wao kwa vitabu.

Ninapokwama ni kwenye vile viganja. Tumezoea kumsifu mama anayekubali. Je, kukubali kifo cha mwanao ni wema? Bondeni kwetu "Mungu kapenda" imesemwa juu ya makaburi mengi madogo. Halafu Ifakara, yenye maabara ya utafiti tangu 1956, ikagawa maswali mengine. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga, ukachapishwa 2001, ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Kumbe sehemu ya yale mapenzi ya Mungu ilikuwa ya mbu.

Simlaumu Bellini, hakuwa na chandarua, na huzuni aliyoichora ni ya kweli. Ninachokataa ni mahubiri yanayomchukua mama yule na kuwaambia wafiwa: muigeni, nyamazeni. Picha haisemi hivyo. Mtu anaweza kukunja mikono kwa sababu tu hana cha kushika.

Nilimwambia mama mkubwa hivyo. Akairudia picha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Kusali sawa, mwanangu. Ila angemfunika kwanza."