Mzigo wa Moshi Ni wa Nani?

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na hadithi peke yake. Utamaduni ni pia namna watu wanavyozalisha mali, wanavyoigawana, na wanavyokubali au kukataa kuwajibika kwa madhara yanayotokana na mali hiyo. Katika zama hizi ambapo tabianchi ya dunia inabadilika kwa sababu ya gesijoto zitokanazo na shughuli za binadamu, suala la wajibu limekuwa zito zaidi. Bidhaa moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijamfikia mlaji: mkulima, mchukuzi, mwenye kiwanda, mwenye meli, mwenye duka. Mfuatano huo wataalamu huuita mnyororo wa ugavi, na kila kiungo chake hutoa moshi. Je, moshi huo ni wa nani, na ni nani anayepaswa kuupunguza?

Ili mjadala wetu usielee hewani, na tuitazame korosho, zao kuu la biashara la mikoa ya Mtwara na Lindi. Mkulima wa Newala au Tandahimba huokota korosho zake, huzianika, na kuzipeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Sehemu kubwa ya mavuno huuzwa ikiwa ghafi, hupakiwa melini na kuvuka bahari hadi India au Vietnam. Huko hubanguliwa, na viini vingi hupakiwa tena melini kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko.

Sasa na tupige hesabu. Katika kila kilo 100 za korosho ghafi, viini ni kama kilo 25 tu au pungufu. Zinazobaki karibu zote ni maganda. Kwa hiyo, ili kumfikishia mlaji tani moja ya chakula, tunavusha bahari tani tatu au zaidi ambazo hakuna atakayezila, na mafuta huchomwa kwa ajili yake. Ni kweli kwamba maganda yana mafuta yenye manufaa viwandani, lakini manufaa hayo nayo huachwa ng'ambo. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini yanaonyesha kwamba mwaka 2018 meli zilitoa karibu asilimia 3 ya gesijoto zote zinazotokana na binadamu. Safari ya maganda yetu ni tone katika bahari hiyo, lakini ni tone lisilo na sababu.

Tukimwuliza mlaji wa Ulaya, atasema kwamba yeye alinunua korosho, hakununua moshi. Mwenye meli atasema hubeba anachopewa. Mfanyabiashara atasema kwamba bei ndiyo iliyochagua njia. Na mkulima atasema, kwa haki kabisa, kwamba meli hiyo hajapata kuiona. Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika mnyororo mrefu kila mtu huuona moshi kuwa mzigo wa mwenziwe, na kwa sababu hiyo huuona mwepesi.

Lakini mzigo huo una mahali unapotua. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, na mamia ya watu wakafa. Mwezi uliofuata kimbunga Kenneth kilitua katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, jirani na mikorosho ya Mtwara. Hatuwezi kudai kwamba moshi wa meli fulani ulileta kimbunga fulani. Hata hivyo, sayansi inatufundisha kwamba bahari na anga zikizidi kupata joto, vimbunga huelekea kuwa na nguvu kubwa na mvua nyingi zaidi. Tumezoea kusema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchumaji hula faida na wa kwao, na janga huliwa na watu wasiolichuma. Hilo ndilo kosa la kimaadili lililomo katika jambo hili.

Wako wasemao kwamba dawa ni kila nchi kula kilicho chake. Hoja hiyo inavutia, lakini haitoshi. Mwaka 2007 utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, ulionyesha kwamba mawaridi ya Kenya yaliyosafirishwa kwa ndege yalikuwa na hewa ukaa kidogo kuliko mawaridi ya Uholanzi yaliyooteshwa katika nyumba za vioo zilizopashwa joto. Umbali peke yake, basi, si kipimo. Tena mlango wa biashara ukifungwa, wa kwanza kuadhibiwa atakuwa mkulima, ambaye moshi wake ni mchache kuliko wa wote. Wala ukosefu wa moshi peke yake haufanyi biashara kuwa ya haki. Majahazi ya pwani yetu yalisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi bila kuchoma kitu chochote, lakini baadhi yake yalibeba watumwa. Kipimo chetu hakina budi kuwa utu kwanza.

Wako pia wasemao kwamba sisi maskini hatuhusiki. Ni kweli kwamba Mtanzania wa kawaida hutoa gesijoto chache mno akilinganishwa na mtu wa nchi za viwanda. Jambo hilo linapunguza deni letu, lakini halituondolei wajibu wa kufikiri. Tukibangua korosho nyumbani kwa kuni zilizokatwa ovyo msituni, tutakuwa tumeuhamisha moshi tu. Tukiwaacha wabanguaji waunguzwe mikono na mafuta ya maganda, tutakuwa tumeuhamisha unyonge.

Historia yetu inatuonya vilevile. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 taifa lilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Lakini mavuno, yaliyozidi tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, yalianguka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Bei ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ulienea, na wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao. Viwanda vikakosa korosho. Fundisho ni kwamba kiungo cha mwisho cha mnyororo hakiwezi kuimarishwa kwa kukisahau cha kwanza.

Maoni yetu ni kwamba wajibu uende sambamba na uwezo na faida: anayefaidi zaidi na mwenye nafasi kubwa ya kuchagua, huyo abebe zaidi. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo akubali kununua viini vilivyobanguliwa hapa kwa bei ya haki. Wenye meli watimize ahadi ambayo nchi wanachama wa shirika lao zilikubaliana mwaka 2023, ya kufikia sifuri halisi ya gesijoto zao ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo, bila kumsukumia mkulima gharama. Serikali ivipatie viwanda umeme wa kuaminika, na wenye viwanda wayatumie maganda kama nishati kwa mitambo isiyotoa moshi wa sumu. Mkulima naye aitunze mikorosho aliyonayo kabla ya kufyeka msitu mpya.

Nasi walimu na wanafunzi tunao wajibu ulio rahisi kwa gharama lakini mgumu kwa mazoea, nao ni kuuliza. Kila bidhaa iliyo mbele yetu, iwe kalamu, shati au sukari, na tuulize imepita wapi, imebeba maganda gani yasiyo na maana, na ni nani aliyeachiwa kuyalipia. Taifa lililozoea kuuliza hivyo halidanganywi kwa urahisi, wala halitaona mzigo wa mwenzake kuwa kanda la usufi.