Matofali Bila Majani
Somo: Kutoka 5:6–23



Farao aliwanyima Waisraeli majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya kila siku ikabaki ile ile. Wanyapara wao walipopigwa na kwenda kulalamika, wakaitwa wavivu.

Mambo haya hayajaisha. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja yanayowekwa Facebook. Kutwa walitazama watu wakiuawa na watoto wakidhulumiwa, ili sisi tukifungua simu tusiyaone. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akaachishwa kazi mwaka 2019. Mwaka 2022 alikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 nao wakashtaki. Kampuni zilikana makosa. Lakini daktari wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwapima zaidi ya 140 kati yao, akawakuta na kiwewe.

Mimi ni muuguzi. Kiwewe si uvivu, wala si upungufu wa imani. Mtu hapati usingizi, mlango ukigongwa anashtuka, anawafokea watoto bila sababu. Wagonjwa wa namna hiyo wapo wodini, na wapo hapa Mount Druitt, Jumapili, wamevaa vizuri.

Nakiri mbele yenu. Ndugu mmoja wa zamu ya usiku alinieleza anavyotendewa ghalani. Nikamjibu, "Vumilia, mshukuru Mungu una kazi." Nilimjibu kama Farao. Alinyamaza, na hakunieleza tena.

Musa naye alirudi kwa Bwana akamuuliza kwa nini watu wanateswa hivi. Mungu hakumkemea, alimwahidi ukombozi. Basi kulalamika mbele za Mungu si dhambi.

Wiki hii, mtu wako akirudi kazini, muulize: "Wanakutendeaje huko?" Kisha nyamaza, usikilize. Asipolala, msindikize kwa daktari wa familia. Akinyimwa haki yake, msaidie kupiga simu Fair Work, mkalimani yupo. Nawe uliyepata kandarasi ya usafi ukawaandika ndugu zako, walipe kwa wakati, usiwadai matofali bila majani.

Tuombe: Bwana, uliyesikia kilio cha Misri, tupe masikio. Amina.