Panda Mbegu Katika Nchi ya Ugeni

Masomo: Yeremia 28 na 29, Yeremia 32:6–15, 1 Petro 1:3–9



Tunawasalimu ninyi nyote, baba, mama, vijana na watoto, mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ndugu waliotufikia karibuni kutoka Kivu. Wengine wenu mliondoka nyumbani Goma ilipotekwa Januari 2025, wengine Bukavu ilipotekwa Februari mwaka huohuo. Karibuni kwetu. Mlicholia njiani, sisi pia tulikilia mwaka 1996, mwaka 1998, na miaka iliyofuata.

Msimu wa kupanda umefika tena. Lakini wapo kati yetu wanaouliza: “Nipande kwa nini, na mimi nangojea kuondoka?” Swali hili si la shamba tu. Ndani yake kuna swali la imani: tumaini la Mkristo ni kitu gani, hasa pale ambapo miaka inapita na mlango haufunguki?

Manabii wawili, ahadi mbili

Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadreza aliwachukua watu wengi wa Yerusalemu mpaka Babeli: mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Waliachiana na mashamba yao, makaburi ya wazazi wao na hekalu lao. Kisha wakaanza kuuliza kila siku: “Tutarudi lini?”

Nabii Hanania aliwapa jibu tamu. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja.

Angalieni jambo moja. Yeremia alipoyasikia maneno yale, kwanza aliitikia Amina. Naye alitamani iwe hivyo. Kutamani kurudi nyumbani si dhambi, wapendwa, wala kutamani kwenda mahali penye usalama si dhambi. Lakini Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na mwaka uleule Hanania akafa.

Yeremia aliwaandikia wahamishwa barua, naye akawaambia ukweli mgumu: miaka sabini. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, zaeni, waozeni watoto wenu. Uombeeni amani mji mliomo.

Wengi wetu tunaupenda mstari wa 11 wa sura ya 29, unaosema juu ya mawazo mema ya Mungu kwa watu wake. Tumeuandika ukutani, tunauimba, tunaupeana wakati wa msiba. Ni vizuri. Lakini kabla yake kuna mstari wa 10, na humo ndimo ilimo ile miaka sabini. Mungu alitoa yote mawili katika barua moja. Hakuwaficha watoto wake urefu wa safari, wala hakuwaacha bila ahadi.

Kwanza: tumaini si uvumi

Hapa Nakivale tunaishi na uvumi kama tunavyoishi na vumbi. Leo inasemwa kwamba majina yametoka. Kesho inasemwa kwamba wote watarudishwa. Keshokutwa inasemwa kwamba nchi fulani inachukua familia elfu.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Katika makazi mengi zilikuwepo familia zilizokwisha kupita mahojiano na vipimo vya afya, zikauza vitanda na masufuria, zikangoja siku ya ndege. Tunalia pamoja nao. Lakini tunasema kwa upendo: ndege haikuwa Mwokozi. Ikija, tutamshukuru Mungu kwa ajili yake. Isipokuja, Kristo hajasimamishwa.

Tujihadhari pia na kina Hanania wa siku hizi. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakitabiri kwamba mwaka huu utapanda ndege, halafu wanadai sadaka ya mbegu ili unabii utimie. Mungu aliwaambia watu wake Babeli wapande mbegu ardhini. Hakuwaambia wazipande katika mfuko wa nabii. Wapo na wengine wanaouza nafasi za kwenda nchi ya tatu. Huduma za UNHCR hazilipiwi, na nafasi hizo haziuzwi. Mtu akikudai pesa kwa ajili ya jina lako, mkatalie, ukamwambie mzee wa kanisa unayemwamini, nao waende na wewe kutoa taarifa.

Pili: tumaini hushika jembe

Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na mwaka 2025 familia nyingi nchini Uganda ziliondolewa kabisa katika mgao huo. Tunajua maana yake: mama anakoroga uji mwepesi, baba anatoka mapema ili asitazamane na watoto. Hatutasema kwamba mwenye imani hasikii njaa. Yeremia mwenyewe alisikia njaa.

Lakini neno la Bwana kwa wahamishwa halikuanza na kungoja. Lilianza na kazi. Vipande vya ardhi vimekuwa vidogo, ni kweli. Na wageni wa karibuni wengine hawana hata hicho kipande. Basi mwenye shamba apande maharage na mahindi. Asiye na shamba ajaze gunia udongo, aliweke mlangoni, apande lengalenga. Mwenye mbegu zaidi amgawie jirani aliyefika jana. Mashemasi watapokea mbegu kanisani kila Jumapili baada ya ibada.

Na watoto waende shule. Tunamjua kijana aina hii: nyumbani alifika darasa la sita kwa Kifaransa, hapa amewekwa la tatu kwa sababu ya Kiingereza, anaona aibu kukaa na wadogo. Mzazi naye anasema, “Mwache tu, hata hivyo tutaondoka.” Wapendwa, Danieli na wenzake walijifunza lugha na elimu ya Wakaldayo, wala hawakumpoteza Mungu wao. Mtoto anayejifunza Kiingereza hapa hajaisaliti Kongo. Akirudi, atarudi nacho. Akibaki, atakitumia. Akienda mbali, kitamtangulia.

Tatu: tumaini huombea mji

Neno hili lilikuwa gumu kuliko yote. Wayahudi waliambiwa wauombee Babeli, mji wa watu waliowachukua mateka. Sisi tumeambiwa jambo jepesi zaidi: tuiombee nchi iliyotufungulia mlango. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Makazi yetu haya yanapokea watu tangu karibu mwaka 1960, walipokuja ndugu kutoka Rwanda. Wenyeji wa Isingiro nao wanahitaji kuni, maji na malisho. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani, tuzungumze kabla ya kushika fimbo.

Amani hiyo ianze benchini mwetu. Kanisani tunakaa pamoja watu ambao makabila yetu yalipigana. Wengine wetu tunajua nani alichoma kijiji cha nani. Mungu hatuambii tuseme halikutendeka. Anatuambia tusiwarithishe watoto chuki hiyo kama tunavyowarithisha majina. Meza ya Bwana ni moja, na mkate ni mmoja.

Nne: hati ndani ya chungu

Sasa tufikie lile wazee wetu wanalouliza kwa sauti ya chini: “Na mimi nikifia hapa?”

Barua ya Yeremia haikulikimbia swali hilo. Miaka sabini ni kusema kwamba baba wengi walioisoma wangezikwa Babeli. Mpaka Koreshi alipotoa amri ya kurudi, mwaka 538 kabla ya Kristo, waliokuwa vijana katika msafara ule wa kwanza walikuwa wazee sana au wamelala.

Lakini someni sura ya 32. Majeshi ya Babeli yameuzunguka Yerusalemu, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, na Bwana anamwambia anunue shamba la Anathothi! Akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aweke hati ndani ya chungu cha udongo ili zikae siku nyingi. Hakuna hesabu ya kibinadamu inayoelewa ununuzi huo. Na Maandiko hayasemi kwamba Yeremia alilima shamba hilo hata siku moja. Mara ya mwisho tunapomwona, yuko Misri pamoja na wakimbizi.

Je, alipoteza fedha yake? Hapana. Alimwamini Mungu ambaye ahadi yake ni ndefu kuliko maisha ya mtu mmoja.

Wapo kati yetu wenye hati ya shamba la Masisi, Fizi au Rutshuru, imefungwa katika mfuko wa plastiki chini ya godoro. Itunzeni, wazee wetu, na muwaonyeshe watoto. Lakini tunayo hati iliyo kubwa kuliko hiyo. Petro aliwaandikia waamini waliokuwa wageni waliotawanyika, akawaambia kwamba tumaini lao liko hai kwa sababu Yesu Kristo amefufuka, na kwamba urithi wao umetunzwa mbinguni. Hauozi, hauchomwi, hautekwi. Aliyeutunza alikuwa Mwenyewe mtoto mkimbizi Misri, akabebwa usiku na wazazi wake. Aliingia kaburini, akatoka. Kwa hiyo anayefia ugenini katika Bwana hajafia mbali na nyumbani.

Basi tusiishi kama watu waliokaa juu ya mizigo yao wakisubiri gari. Tuishi kama watu wa Mungu: jembe mkononi, mtoto shuleni, jirani moyoni, macho kwa Kristo. Siku Bwana atakapofungua mlango, uwe wa Kongo, wa nchi nyingine au wa mbinguni, atukute tukipalilia.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Ni uvumi gani umeisumbua familia yetu mwaka huu? Neno la Mungu linasema nini juu yake?
2. Tutapanda nini msimu huu, na nani asiye na mbegu?
3. Ni jirani gani, mwenyeji au mkimbizi, tunapaswa kupatana naye?

Tuombee: ndugu waliobaki Kivu na Ituri, familia ambazo safari zao zilisimama, wazee wasio na mtu wa kuwalimia, watoto wanaoanza shule kwa lugha ngeni, nchi ya Uganda na viongozi wake.

Mungu wa tumaini awe nanyi nyote. Amina.