Kadi ya Chama na Moyo wa Mtu



Kila wakati wa uchaguzi tunaona jambo la huzuni katika nyumba zetu za sala. Wandugu wawili walioimba pamoja hawapeani tena mikono, kwa sababu mmoja yuko upande wa wenye kutawala na mwenzake yuko upande wa upinzani. Kila mmoja anamwita mwingine mtu mbaya. Basi tunajiuliza: je, chama cha mtu kinaonyesha moyo wake?

Tuwatazame mitume kumi na wawili. Matayo alikuwa mtoza kodi, kazi ambayo Wayahudi waliihesabu kuwa ya kuwasaidia Waroma. Simoni aliitwa Zelote, jina la wale waliochukia utawala wa Waroma. Bwana aliwakalisha wote wawili pamoja, akawafundisha neno moja.

Nchi yetu nayo imetufundisha. Wakati wa MPR, kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na wengi wakafikiri kwamba mabaya yatakwisha pamoja na kadi ile. Lakini Septemba 1991 askari wakaanza kupora mali huko Kinshasa, na raia wakafuata. Januari 1993 uporaji ukarudi. Je, mporaji aliulizwa kadi yake? Mkono wa wizi hauna chama.

Wengine watasema: kama ni hivyo, siasa haituhusu, tusali tu. Sivyo, wapendwa. Askari walipomwuliza Yoane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kunyang'anya watu, akawaambia watosheke na mshahara wao (Luka 3:14). Neno hilo, likisikiwa leo kwenye barieri ya barabara, ni neno la moyo, na ni neno la leta pia.

Tukumbuke tena nabii Simon Kimbangu, aliyeanza kazi yake huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Hakuwa na chama. Aliwafundisha watu kutupa fetishi na mume kukaa na mke mmoja. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba ya mwaka uleule, mahakama ya kijeshi ya Wabeleji huko Thysville ilimhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha, na nabii akafa mfungwa huko Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kwa nini wenye nguvu waliogopa watu wanaotupa fetishi? Kwa sababu mtu anayejitawala mwenyewe hatishwi upesi, wala hanunuliwi kwa bei ndogo.

Hapo ndipo wema unapokutana na siasa. Wema haumchagulii Mkristo chama. Watu wawili wa kweli wanaweza kupenda nchi moja na kuona njia mbili. Lakini wema unamkataza kuuza kura kwa mfuko wa mchele na kitambaa, hata kama nyumbani ni baba mwaminifu. Mtu asiyeiba sadaka lakini anauza kura yake ameuza na kesho ya watoto wa jirani.

Basi tujipime hivi. Mtu wa chama chetu akila makuta ya watu, je, tunamkemea kama tunavyomkemea yule wa chama kingine? Natani hakuwa mpinzani wa Daudi. Yeye ndiye aliyempelekea ahadi ya Mungu juu ya ufalme wake (2 Samweli 7). Lakini Daudi alipochukua mke wa Uria na kumwua mumewe, Natani alimwonyesha dhambi yake uso kwa uso (2 Samweli 12).

Wandugu, tuchague kila mtu kwa dhamiri yake. Kisha tupeane mikono, na kila mmoja awe Natani, kwanza kwa watu wa upande wake.

Bwana awabariki. Amina.