Mwenye King'amuzi Ni Nani?

Usiku wa kuamkia mwaka 2013 matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam, na mji huo ukawa wa kwanza nchini Tanzania kuhamia dijitali. Kutoka Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala na Bunju, antena zilizokaa miaka mingi juu ya mabati zikageuka vyuma vitupu. Aliyetaka kuendelea kutazama taarifa ya habari ilimlazimu anunue king'amuzi. Wengi walinunua, wala si kwa fedha ya ziada, bali kwa kujinyima.

Kabla miaka sita haijatimia, Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyataka makampuni ya Azam, DStv na Zuku yaziondoe chaneli za bure za nyumbani katika ving'amuzi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Chaneli zikaondolewa. Kisanduku kilibaki kilekile, na dishi halikusogea; kilichoondoka ni ile sababu ya kununuliwa kwake. Mkaazi wa Temeke aliyekinunua kwa ajili ya ITV hakuwa na budi kutafuta king'amuzi cha pili, au kukaa bila.

Ukitazama sheria, kila mkubwa ana karatasi ya kujitetea. Mamlaka ilisimamia leseni, na makampuni yalitii amri. Asiye na karatasi ni mnunuzi, naye ndiye aliyekwisha kutimiza ahadi yake yote, kwani fedha alizitoa. Basi huyu aliyelipa amemiliki nini?

Katika biashara ya kale ya mwambao, bei ilikwisha pale kitu kilipokabidhiwa. Muuza jembe hakulifuata jembe shambani akaling'oa mpini. Wanazuoni wa fikihi nao walikataza kuuza samaki aliye bado baharini, kwa kuwa mnunuzi hajui anunuacho. Na aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika wakampa hiari ya kukirejesha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haiko mbali na hapo: makubaliano ni watu kukubaliana jambo lilelile kwa maana ileile.

Mikataba ya vyombo vya leo ina sentensi moja inayoyatangua yote hayo: kwamba kampuni yaweza kubadili masharti wakati wowote, na mteja akiendelea kutumia amekubali. Lakini kunyamaza huwa ni kukubali pale tu ambapo mtu angeweza kusema hapana bila kupoteza alichokwisha kukilipia. Mwaka 2010 Sony iliondoa katika PlayStation 3 uwezo wa kutumia mfumo mwingine wa kompyuta, uwezo uliokuwamo mashine ilipouzwa. Aliyekataa badiliko hilo alifungiwa mtandao wa michezo. Kuridhia kwa namna hiyo ni kushindwa, wala si kuafikiana.

Makampuni nayo yana hoja, na Mgala muue na haki yake mpe. Huduma si jembe. Gharama hupanda, mitambo huchakaa, serikali hubadili kanuni. Hakuna awezaye kuapa kwamba kesho itafanana na leo. Hayo ni kweli. Lakini ukweli huo unathibitisha tu kwamba mabadiliko hayana budi kuja. Hausemi kwamba mzigo wake aubebe mnunuzi.

Mzigo huo ni haki aubebe aliyeweza kuiona hatari mapema. Leseni ilikuwa mikononi mwa muuzaji. Angeweza kuisoma kabla hajatangaza bidhaa yake. Mnunuzi wa Chamazi aliona picha kwenye kioo cha duka, akaamini kwamba anachokiona ndicho anachokinunua, na imani hiyo ndiyo iliyomtoa fedha mfukoni. Akiondolewa alichokilipia, hata kwa amri halali, ana haki ya kurejeshewa thamani yake, au kuachiliwa ajitoe bila hasara.

Pasipo hivyo, neno kununua litakuwa limebaki kwa desturi tu, na maskini, anayenunua mara moja kwa miaka, ndiye atakayelilipia zaidi. Ahadi ni deni, na deni halifutwi na mdaiwa peke yake.